Hodi ya Mwamba

Mihayo hakuwahi kumwona yule fundi wa magogo ya kuegemezea dari mgodini Geita akiingia popote bila kugonga mara tatu, hata nyumbani kwake mwenyewe. Aligonga polepole kwa vidole vifupi vilivyokakamaa, kichwa kakiinamisha kama asikiaye muziki wa mbali. Ujanani, kwenye migodi ya shaba ya Rodesia, alimwona mhandisi wa Kizungu akigonga dari la mwamba kwa mtaimbo, kisha akitega sikio, naye akaamini Mzungu yule anapiga hodi. Tangu hapo kila alfajiri alimgongea mlima: “Hodi, babu.” Mwamba ukilia kama kengele, huingia akitabasamu.

Asubuhi moja ulijibu kwa mlio mzito, kama debe lililojaa pumba.

“Ingieni! Mnangoja nini?” msimamizi akafoka.

“Hatujakaribishwa, bwana,” fundi akasema kwa upole, akaketi palepale. Mihayo akaketi kando yake, na wenzao wote wakaketi.

Walikuwa wangali wameketi mlangoni dari la ndani liliposhuka. Vumbi likawapitia taratibu kama moshi wa ubani. Fundi akavua kofia, akaliinamia giza.

“Shikamoo, babu.”