Suti ya Kuombea Cheti cha Umaskini

Kama umewahi kujiaibisha ukiwa umependeza, tuko pamoja. Depo yangu ya maharagi ilipokufa, avoka mmoja, mtu wa sheria, aliniambia naweza kutangaza faillite kwa tribinali, yaani kukiri kisheria kwamba nimefilisika. Kama sina hata pesa ya kesi, nipeleke cheti cha umaskini kutoka komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Umaskini una cheti? Nilitamani sana kukiona.

Nilihitaji shahidi. Nikamwambia Maman Furaha, ambaye tumeishi naye bila ndoa ya serikali tangu mtoto wetu Furaha azaliwe: "Kesho uvae muzuri, tunaenda komini kusaini." Hakuuliza kusaini nini. Alishinda akiimba huku akipiga pasi liputa yake mpya ya kitenge, na mimi nikajiuliza furaha hiyo inatoka wapi.

Asubuhi nilivaa suti, maana Bukavu mtu haingii biro ya serikali amechakaa. Njiani wamama wa mtaa wakatufuata na vigelegele, hata wale wanaonidai. Nikashangaa: kumbe watu wanapenda hivi kuona mwenzao akifilisika!

Karani alitazama suti yangu, akatazama maua mikononi mwa Maman Furaha.

"Félicitations, papa! Ni ndoa? Bibi ni huyu?"

"Hapana. Nakuja kuomba cheti ya kuonyesha niko maskini."

Vigelegele vikakatika. Maman Furaha akaweka maua yake taratibu juu ya meza ya karani.

"Muandikie, papa," akamwambia. "Hana kitu. Hata bibi hana."