Nyasi za Ndama

Ukame ulipommalizia ng'ombe, Nuria wa Garsen aligeukia nyuki. Mizinga yake mitatu ilining'inia kwa waya alizozipaka grisi ili siafu wasipite, lakini roho yake haikutulia. Kila asubuhi, kabla ya chai, alibandika sikio kwenye kila mzinga, kama alivyozoea kusikiliza tumbo la ng'ombe mwenye mimba.

“Mama Fardosa, fyeka hizo nyasi chini ya mizinga,” mumewe alimwambia baada ya mvua.

Nuria alikasirika. Nyasi mbichi zifyekwe zikiwa fupi hivyo, na ndama wao wa pekee aliyenusurika ukame bado mbavu nje? Aliziacha zirefuke, aje amkatie mzigo wa kushiba.

Leo mzinga wa kwanza ulikuwa kimya. Alikagua waya, grisi ilikuwa safi. Kisha akatazama chini. Nyasi zilikuwa zimegusa mzinga, na siafu walizipanda kwa foleni.

Alizing'oa kwa mikono, siafu wakimuuma hadi viwikoni, sikio likiutafuta mvumo wa mzinga wa pili. Nyuma yake ndama alisogea, akanusa nyasi zilizotupwa, akarudi nyuma. Zilikuwa zimejaa siafu.