Saa Isiyovuka Mpaka

Baba mkwe wangu, Mzee Tarsisi, anakamua mawese huko Kizuka, upande wa Rumonge, na tangu arudi kutoka Tanzania hajawahi kufika mahali kwa wakati. Si kwamba anachelewa. Anawahi mno. Telefone yake bado iko na laini ya Tanzania, kwa sababu anapenda kuongea na watu alioacha Ulyankulu, na hapa kando ya ziwa laini ile ikishika rezo ya ng'ambo, mtandao wa Tanzania, telefone inafuata saa za kule, inaruka saa nzima mbele bila kuuliza mtu. Misa ya saa mbili yeye anaifikia padri akiwa bado anakunywa chai. Kwenye mazishi ya jirani mmoja alifika mapema mpaka wakamkabidhi jembe.

Watu wanamcheka, na yeye anavumilia. Lakini mwaka huu Isaka, mtoto wa marehemu mdogo wake, alipata mchumba Gitaza, jina lake Agneta, na familia ikamchagua Mzee Tarsisi awe msemaji siku ya kupeleka mahari. Hapo kicheko kikaisha. Baba wa Agneta ni Revokatus, aliyekuwa direkteri wa shule, na mpaka leo anaishi kama kengele bado iko mkononi mwake. Alisema saa nne. Kuna kijana mwingine aliyemtaka Agneta kabla ya Isaka, wajumbe wake wakachelewa, Revokatus akafunga mlango wa kipangu, ule ua wa nyumba yake, wakarudi na makreti yao ya vinywaji. Yule kijana sasa ameoa kwingine. Isaka aliposikia hiyo habari hakula siku mbili, na Isaka ni mtu wa kula.

Ndipo Mzee Tarsisi akaamua kununua saa ya mkononi. Alitaka saa isiyovuka mpaka.

Akaenda sokoni Rumonge kwa Zubeir, anayeuza vitu vya chagua: viatu, mishipi, miwani, na saa zilizovaliwa na watu wa mbali mpaka wakazichoka. Mimi nilikuwa nimefuata sabuni, na mtoto mgongoni, nikasimama pale kwa heshima. Zubeir alitoa saa moja kutoka kwenye soksi. Ilikuwa ya Uswisi, alisema, na kabla yake ilivaliwa na mkubwa wa benki. Mzee akauliza mkubwa huyo aliiachia nini. Zubeir akasema alinenepa, mkono ukaikataa.

Ilikuwa nzuri kweli. Nyuma ilikuwa na kioo, na ndani unaona magurudumu madogo kama mbegu za dodo, ule mchicha wetu, na kipande kimoja kama nusu sahani kinachozunguka kila ukigeuza mkono. Eliana wangu alinyoosha kidole akacheka, akitaka kuila.

Mzee akauliza pile yake, yaani betri, inauzwa wapi. Zubeir akasema haina pile.

"Haina pile inatembea na nini?"

"Na mukono wako, Mzee. Ukitembeza mukono, inakula. Ukiuweka chini siku nzima, inalala njaa. Na hiki kifungo cha pembeni usikiguse, kiko delika sana, kinavunjika upesi, ukitaka kuipanga uniletee mimi."

Mzee Tarsisi akafurahi. Aliona hii ni saa iliyotengenezwa kwa ajili ya mkamuaji wa mawese, maana nani anatembeza mkono kumpita yeye? Bei sitaitaja hapa, Mama Clotilda, mke wake, anajua kusoma.

Shida ilianza Jumatatu. Kazini alikuwa anaivua. Saa ya mkubwa wa benki haiwezi kuingia kwenye mawese, alisema, kwa hiyo anaifunga ndani ya kitambaa cheupe na kuitundika kwenye msumari, anasukuma mashine asubuhi yote na mikono mitupu. Akirudi nyumbani anaoga, anaivaa, anakaa kwenye kiti mbele ya nyumba, mkono juu ya goti, hatikisiki, ili wapita njia waione vizuri. Mkono unaofanya kazi haukuwa na saa, na mkono wenye saa haukuwa na kazi. Mimi nilikuwa napeta mchele pembeni, nikaona. Mukazana, yaani mke wa mtoto, hamsahihishi baba mkwe, kwa hiyo nilimwambia Mama Clotilda, na Mama Clotilda akamwambia yeye. Akajibu kwamba saa ya bei ile haiwezi kuwa na njaa kama mbuzi.

Wiki ile ikasimama mara nyingi, na kila mara akaipeleka kwa Zubeir kuipanga. Zubeir hakuchoka kumwambia avae kazini. Yeye hakuchoka kukataa.

Ijumaa alishinda kwenye kiti akifanya mazoezi ya hotuba yake. Ilikuwa hotuba ndefu, yenye ng'ombe wengi na mababu wengi, na aliisema bila kutikisa hata unyusi, kwa sababu msemaji anayerusharusha mikono anaonekana muongo. Jioni akaifunga saa kwenye kitambaa. Huko ndani, alfajiri ikikaribia, ikafa. Asubuhi akaichukua, akaivaa, na kwa ule mtikiso wa kuvaa ikaamka, ikaendelea kutembea kutoka pale ilipolalia, tik tik tik, na uso wa mtu ambaye hajafanya kosa lolote.

Sisi tulikuwa tayari barabarani, tumevaa, Mama Clotilda na mvutano wake wa kijani, lile vazi la sherehe, makreti juu ya gari. Jua limeshapanda. Mzee alikuwa bado anakunywa uji taratibu. Isaka akamwambia kwa sauti ya kulia kwamba telefone yake inasema saa tatu.

"Telefone yako iko na laini ya Tanzania kama yangu. Inavuka mupaka."

Alimasi, jirani yetu mwenye gari, akasema yake haina laini ya Tanzania, na inasema saa mbili. Mzee akamwambia madereva wote wana haraka ya kwenda kubeba mteja mwingine. Saa yake ilisema saa kumi na mbili na dakika chache. Kati ya hizo zote, akaamini ile ya bei kubwa. Halafu akaamuru telefone zote zizimwe na ziingie kwenye mfuko wa Mama Clotilda, kwa sababu telefone inayolia mbele ya wakwe ni aibu ya ukoo mzima.

Basi tuliondoka alipomaliza kuchagua kofia. Ziwa lilikuwa upande wa kushoto, Isaka upande wa kulia akitoka jasho. Barabara imechimbika, na nilishukuru, maana kila shimo lilikuwa linalisha ile saa kidogo. Lakini Mzee alikuwa ameuinua mkono wake na kuushikilia na ule mwingine, kama mtu aliyevunjika, ili saa isipate shida.

Tulipokaribia Gitaza, akamwambia Alimasi asimame. Saa ilikuwa inasema saa tatu kasoro dakika chache. Tumewahi, akasema. Na kufika mapema kwa wakwe ni kuonekana una njaa, yeye amechekwa kwa hilo miaka yote, leo hatachekwa. Tushuke, tukae, tungoje mpaka saa nne ikaribie.

Ukweli ni kwamba saa nne ilikuwa imeshapita.

Tulikaa kwenye ukingo wa barabara, mstari mmoja, na nguo zetu za harusi, mbele ya ndagala, dagaa wa ziwa, zilizoanikwa. Wamama wa ndagala wakatusalimu, wakatuuliza tunangoja nini. Mzee akawaambia tunangoja saa. Akaweka mkono juu ya goti, akaiangalia bila kutikisika. Na kadiri alivyoiangalia ndivyo ilivyopunguza mwendo, mpaka ikafika saa tatu na nusu ikakaa. Sisi tunaingoja, yenyewe inatungoja. Eliana alilala, akaamka, akanyonya, akalala tena, bado ilikuwa saa tatu na nusu. Harufu ya ndagala ikaingia kwenye mvutano wa Mama Clotilda, ikapata makao.

Ndipo pikipiki moja ikasimama mbele yetu. Nyuma yake alikuwa Kankindi, shangazi wa Agneta, ametumwa kuangalia kama tumepata ajali. Alituangalia mmoja mmoja tulivyopangwa.

"Ninyi mulikuja kuoa ao kununua ndagala?"

Isaka alikimbia. Hakungoja gari, alikimbia kwa miguu na viatu vyake vipya, na Alimasi akamkuta mbele akiwa ameshika kimoja mkononi.

Mlango wa kipangu ulikuwa umefungwa. Ni mlango wa vyuma, unaona ndani: mahema, viti, wageni wa upande wao wamekaa wametulia kama wanafunzi, na nyuma dirishani Agneta, ameweka mkono mdomoni. Revokatus alikuwa amesimama upande wa pili, suti, tai, mikono nyuma.

"Mzee Tarsisi," akasema, "kwa saa yako iko saa ngapi?"

Mzee akainua mkono wake kwa heshima, akaangalia.

"Saa tatu na nusu, mukwe. Tumewahi."

Kilianzia jikoni kile kicheko. Kikapita kwenye mahema, kikafika kwa wazee. Revokatus peke yake hakucheka. Akaomba kuiona. Mkono wa Mzee ukapita katikati ya vyuma, Revokatus akainama, akasema imekufa. Mzee akasema haijafa, imelala, akautikisa, na mshale mwembamba ukaanza kukimbia. Revokatus akauliza maswali, akaelezwa habari ya nusu sahani na mkono. Nafikiri ndani yake sheria mbili zilikuwa zinapigana, maana alikuwa amesema saa nne, na alikuwa hajasema saa nne ya nani.

"Ikifika saa nne hapo kwenye mukono wako, nitafungua. Ikisimama kabla ya hapo, mutarudi Rumonge."

Isaka alikaa chini kwenye vumbi na suti yake.

Mzee Tarsisi akaanza kutikisa mkono. Lakini mtu mzima, na kofia, anayetikisa mkono peke yake mbele ya watu anaonekana amepandwa na kitu, na aliliona hilo mwenyewe. Akahamisha saa kwenye mkono wa kulia, akaanza kusalimia. Alitusalimia sisi aliokuja nasi. Alimsalimia Alimasi, alimsalimia Kankindi na mwenye pikipiki, na kila mkono aliushika kwa nguvu akaupandisha na kuushusha, amahoro, amahoro, watoto wazima, ng'ombe wazima, na wa nyumbani? Wamama wa ndagala waliokuwa wametufuata kuangalia nao wakasalimiwa, wakarudi nyuma ya mstari wakasalimiwa tena. Wazee wa ndani wakaona ni vibaya kuachwa, wakaja mlangoni kupitisha mikono yao katikati ya vyuma. Mimi alinisalimia mara tatu, na ya mwisho aliniuliza kwa heshima sana mimi ni mtoto wa nani.

Jasho lilimshuka. Watu wakaisha. Saa nne ilikuwa bado kidogo, na hakuna mkono ambao hajaushika, isipokuwa mmoja.

"Mukwe," akasema kwa pumzi fupi, "wewe sijakusalimia."

Revokatus hakuwa na njia. Mtu hamnyimi mgeni mkono. Akautoa pale pande mbili za mlango zinapokutana, na Mzee akaukamata na ile mikono ya kukamulia mawese, akaupandisha na kuushusha, akamuuliza habari za afya, za mama, za shule, za wanafunzi wote aliowahi kuwafundisha. Tai ya Revokatus ilihama mpaka begani. Wazee wakaanza kuhesabu dakika kwa sauti, wa upande wao pamoja na wa kwetu, na niliona shavu la Revokatus linatetemeka, halafu meno, halafu yote, akacheka mpaka miwani ikadondoka.

"Saa nne!" akapiga kelele Isaka kutoka chini.

Mlango ukafunguliwa na Kankindi, aliyepitisha mkono ndani akavuta komeo, kwa sababu Revokatus hakuwa na mkono wa kufungulia. Mzee Tarsisi akaingia bila kumwachia, akasimama katikati ya mahema kusema hotuba yake ya ng'ombe na mababu, akafungua mdomo, na pumzi haikuwepo hata ya babu mmoja.

"Tunaomba Agneta," akasema.

"Nimewapa," akasema Revokatus. "Sasa uniachie mukono."