Bloku ya Maji ya Erasto Hiza

Masika yalipoishika Vugiri, katika miaka ile tuliyosoma shule ya misheni, ukungu uliingia madarasani na kukaa nasi hadi saa ya chakula. Nguo hazikukauka, na vidole vilikataa kushika kalamu. Erasto Hiza, kijana mwembamba wa darasa la sita, alipewa kazi tuliyomwonea wivu sote: kutia maji katika rejeta ya jenereta ya misheni. Kila asubuhi aliyamwaga ya jana, akachota mapya kwenye chemchemi nyuma ya kanisa, akayamimina taratibu, kisha akaweka viganja juu ya bomba la kurudishia maji ili apate joto. Alitueleza kwamba maji huingia injini yakiwa baridi na kutoka yamebeba joto lake. Jenereta ile ilitumia maji ya chemchemi miaka yote tuliyokuwa pale, wala hatukusikia kwamba imeharibika.

Alipokuwa mtu mzima aliteremka Korogwe, akafungua studio ya picha karibu na stendi. Alianza na picha za pasipoti, akafuatia na video za harusi, mazishi na kwaya. Alimwoa Paulina, binti wa huko huko Vugiri, ambaye hadi leo anashona nguo katika upande wa mbele wa studio. Kanda za video alizopiga Erasto alizihifadhi zote, zikijaza rafu mpaka darini.

Mwaka juzi usharika wa Vugiri ulimwomba atengeneze filamu ya jubilei kutokana na kanda hizo, ioneshwe sikukuu ya Pasaka. Aliikubali kazi hiyo kwa furaha, ila kanda zilikuwa zimezeeka. Kila kanda ilipochezwa, iliacha sehemu ya picha yake kwenye mashine. Ilikuwa lazima ichezwe mara moja tu, kompyuta ikiipokea kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatika. Nayo kompyuta, katika joto la Korogwe la mwezi wa Januari, ilikuwa ikijizima katikati ya kazi kwa sababu prosesa, yaani ubongo wake, ilipata moto. Kila ilipojizima, kanda ilibidi irudishwe nyuma na kuchezwa tena, na sura za watu ambao wengi wao wamekwisha kulala makaburini zikazidi kufifia.

“Baba Upendo, ipeleke Vugiri,” Paulina alimwambia. “Kule hata chai inapoa kabla hujainua kikombe.”

“Na umeme wa kule unaokatika kila mvua ikinyesha?”

“Basi nitaipepea.” Akachukua ungo, akaipepea kompyuta kama anayepepeta mchele, mpaka wateja wake wakacheka na mumewe akacheka pia. Jioni ile ilijizima tena.

Erasto alikuwa amesoma kwamba wapo watu wanaopoza prosesa kwa maji. Juu yake hufungwa bloku ya maji, yaani kipande cha chuma kidogo kuliko kiganja, chenye vijia vyembamba ndani. Pampu husukuma maji yapite humo, yachukue joto, yaende kwenye rejeta yenye feni, yapoe na kurudi. Jambo hilo halikumtisha hata kidogo. Alipanda basi hadi Kabuku kwa Mbwana, fundi wa rejeta za magari, Mzigua wa Kwedizinga, ambaye Erasto alikuwa amepiga video ya harusi ya binti yake, Zamda. Tangu harusi ile walitaniana bila kupumzika, kama watu wa mlimani na watu wa bondeni wanavyotaniana katika nchi yetu.

“Mtani, umeshuka kutafuta jua?” Mbwana alimpokea.

“Nimeshuka kuwafundisha kuoga.”

Baada ya salamu hizo Mbwana alimtafutia rejeta ndogo ya shaba, iliyotolewa katika hita ya lori kuukuu. Wakaketi kuchagua bloku katika picha ambazo muuzaji wa Dar es Salaam aliwatumia kwa simu. Zilikuwa tatu zenye kufaa soketi ya kompyuta ile. Ya alumini waliiacha mapema, maana Mbwana alikuwa ameona mara nyingi jinsi alumini inavyolika ikichanganywa na shaba katika maji mamoja. Zikabaki mbili za shaba. Moja ilikuwa na kifuniko cheusi kilichofungwa kwa skrubu, na vijia vipana. Nyingine ilikuwa na vijia vyembamba kama nywele, na kifuniko kinachoonesha ndani, kilichogandishwa kiwandani kisifunguliwe. Muuzaji alisema hiyo ya pili inapoza zaidi.

“Hii,” Erasto alisema. “Nitayaona maji yakipita.”

“Na maji utatia gani?”

“Ya Vugiri. Ya chemchemi yetu. Jenereta ya misheni iliyatumia miaka yote.”

Mbwana aliangua kicheko. “Yale yenye vyura? Mtani, utafuga vyura kwenye kompyuta! Tia maji ya betri.”

“Wewe umekulia maji ya lambo, ukinywa pamoja na ng’ombe. Utajua nini juu ya maji safi?”

Wakacheka wote wawili, na maneno ya maana yakapotea ndani ya kicheko. Erasto alihesabu ushauri ule kuwa utani kama utani mwingine wowote.

Bloku ilikuja kwa basi. Aliifunga mwenyewe, akapaka ile dawa ya kupitisha joto kati yake na prosesa, akajaza maji ambayo shemeji yake aliyateremsha kutoka Vugiri katika dumu safi. Kwa majuma kadhaa kompyuta ilifanya kazi mchana kutwa. Paulina alizoea kuwaita wateja waje kutazama maji yanavyopita.

Kisha maji yakaanza kuwa na rangi ya majani mabichi. Erasto aliona, akadhani ni kivuli cha kitambaa kilichotundikwa mbele. Alikuwa akipokea kanda ya mwaka kanisa lilipoezekwa upya, wazee wakiwa juu ya paa na akina mama wakiimba chini, kompyuta ilipojizima. Ute wa kijani ulikuwa umeziba vijia vyote. Hakuweza kuifungua bloku ili aisafishe. Alipoirudisha kanda nyuma na kuitazama, mistari myeupe ilikuwa imekata nyuso za waimbaji.

Alirudi Kabuku na bloku na rejeta mkobani, na safari hii hakutania.

“Nilikuambia,” Mbwana alisema.

“Ulikuwa unacheka uliponiambia.”

“Ulitaka nilie?” Kisha Mbwana akaweka spana chini na kufuta mikono. “Mzee Erasto, sasa sitanii. Maji ya chemchemi yana uhai ndani yake. Kwenye jenereta hupita njia pana, na ninyi mlikuwa mkiyabadilisha kila siku. Humu yanazunguka yale yale. Agiza ile ya skrubu. Haipozi sana kama hii, lakini ikiziba utaifungua.”

Erasto, aliposikia anaitwa mzee badala ya mtani, alijua kwamba sasa anaambiwa kweli. Aliiagiza ile ya skrubu. Mbwana aliosha rejeta kwa mikono yake, akampa na chupa za maji ya betri, yale yasiyo na tindikali.

Kanda zilizobaki ziliingia zote bila kukatika. Filamu ilioneshwa Vugiri sikukuu ya Pasaka, ukutani mwa kanisa. Kipande cha kuezeka paa Erasto alikiacha na mistari yake. Bibi mmoja alimtambua mama yake kwa namna alivyofunga kilemba, kwa sababu uso haukuonekana. Erasto alisimama nyuma karibu na mlango, akainamisha kichwa mpaka kipande kile kikaisha.

Mbwana aliposikia habari ya filamu ile alileta mkoba wa kanda za maulidi ya Kwedizinga, ambamo marehemu baba yake anasoma.

Habari ya mwisho niliyo nayo juu ya Erasto ni ya Februari iliyopita, siku ya joto kali. Alifungua skrubu za bloku, akasugua vijia kwa mswaki, akaifunga na kujaza maji ya betri. Akafunga dirisha kuzuia vumbi la stendi, akatia kanda ya kwanza ya Kwedizinga, akabonyeza kitufe cha kuanzia, akaketi kuitazama.