Nilivaa Rangi Kabla ya Kuvuliwa Msiba, Sasa Mtoto Wangu Anakonda

Admin, naomba unifiche kabisa, usiweke hata herufi ya kwanza ya jina langu. Wakwe zangu wengi wako kwenye hii page.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, naishi mtaa wa Gatwekera na binti yangu wa miaka sita. Mume wangu alifariki mwaka jana, aliangukiwa na ukuta akiwa kazini mjengoni. Sisi ni watu wa upande wa ziwa, na kwetu mjane huvaa nguo za msiba, tunaziita chola, mpaka siku familia itakapokutana nyumbani na kumvua rasmi. Zangu ni gauni jeusi na kitambaa cheusi cha kichwa. Shida ni kwamba mke wa kaka mkubwa wa mume wangu pia ni mjane, na mimi mdogo siruhusiwi kuvuliwa kabla yake. Yeye alihamia Mombasa na hapokei simu ya mtu yeyote wa familia. Kwa hivyo niko kwenye foleni nyuma ya mtu ambaye alishaondoka kwenye foleni.

Kazi yangu ni kuuza mitumba kwa kibanda cha mama mmoja Kawangware, nitamwita Mama Kui. Sijisifu, lakini rangi nazijua. Wanawake hunijia na blauzi mkononi wakiuliza, "Hii naeza vaa na nini?" Mwenye ngozi nyeusi kama yangu namwambia asiogope manjano iliyoiva, aivae na sketi ya maruni. Aliyebeba rangi mbili zinazogombana namtafutia kitu cha rangi ya maziwa cha kuzituliza. Mtu anakuja amejikunja, anaondoka akitembea kama mwenye ploti. Na mimi ninayewapendezesha wote nimesimama hapo kama mwavuli uliofungwa.

Siku moja Mama Kui akaniambia, "Skiza, nakuhurumia, lakini customers wanadhani hapa tunauza nguo za matanga. Ukifika job vaa kitu poa, jioni urudie hiyo yako uende nayo kwenu. Nani atajua?"

Nilikataa. Kisha asubuhi moja nikajaribu sketi ya kijani na blauzi ya rangi ya chungwa iliyopauka, nikajifunga mshipi wa kahawia. Nilipojiona kwenye kioo nililia, na jamani haikuwa huzuni. Nilikuwa nimesahau kwamba nina shingo nzuri. Tangu hapo nikawa watu wawili: Kawangware navaa rangi, Gatwekera mimi ni mjane. Usingizi ukarudi, nikaanza hata kutaniana na wateja.

Halafu Mama Kui akanipiga picha nikiwa na gauni la samawati na koti la manjano, akaiweka kwenye page ya kibanda bila kuniuliza. Watu wakaisambaza. Wifi yangu, dada ya marehemu anayeishi mtaa wa Raila karibu na kwetu, akaiona. Alikuja kwangu na hakukubali hata kuketi.

"Kwani umekuwa slay queen na kaburi ya brathe yangu haijakauka?" akasema. "Unajua chira wewe? Haitakushika wewe. Itashika mtoto."

Chira, kwa wasioijua, ni laana ya kuvunja mila. Mtu hukonda tu mpaka aishe. Nilimjibu kwa kiburi kwamba mimi nimeokoka na mambo hayo siyaamini. Akaondoka bila kuaga.

Wiki hiyo hiyo mtoto akaanza homa. Kliniki wakasema ni koo, wakampa dawa, akapona. Ikarudi. Sasa hataki chakula, na sketi yake ya shule inamtoka kiunoni mpaka naifunga na pini. Daktari anasema watoto wengi wanaugua msimu huu. Nikiwa mbele yake namwamini. Nikifika kwangu nashika mkono wa mtoto, naupima kwa vidole vyangu, na hofu inanishika.

Nilijaribu kurudia nyeusi kazini. Mama Kui akaniambia waziwazi nikitaka kuvaa hivyo nikae nyumbani kwanza, ataita msichana mwingine. Na dawa za mtoto zinatoka kwa hicho kibanda. Nikavaa rangi tena.

Jana mama mkwe akapiga simu kutoka nyumbani. Nilijiandaa kwa matusi. Badala yake sauti yake ilikuwa ya chini, akaniita nyathina, yaani mtoto wangu.

"Sikupigii tugombane," akasema. "Hata mimi niliachwa mjane nikiwa msichana. Kabla ya kuvuliwa nilivaa leso nyekundu nikaenda nayo sokoni. Siku moja tu, nyathina. Nilikuwa nimechoka na hiyo nyeusi. Mume wako alikuwa na mdogo wake, wewe hukumjua. Alikonda hivyo hivyo, tukamzika mwaka huo. Hiyo leso sijawahi kuambia mtu."

"Mama, pengine alikuwa mgonjwa tu," nikamwambia.

"Pengine," akasema. Kisha akaanza kulia, na simu ikakatika.

Angenitukana ningejua la kumjibu. Huyu mama haniwindi, anaogopa kama mimi, na ameogopa maisha yake yote. Akili yangu inasema yule mtoto aliugua kama watoto wengine, na wangu pia atapona. Lakini naandika haya amelala kando yangu, naona mbavu zake zikipanda na kushuka, na siwezi kuapa.

Wajane wenzangu, na nyinyi mlioolewa upande wa kwetu, msinicheke na msinifiche kitu. Kesho asubuhi lazima niende kazini. Nivae nini?