Dresa wa Makopo Mawili

Kiangazi kile ukurutu ulimpasua Mwamini vidole hata akashindwa kusuka mikeka, ndipo akakubali kujaribiwa dawa mpya. Kila Jumatatu alitoka Kibuta kwenda zahanati ya Kisarawe, na dresa, mhudumu wa vidonda wa pale, akampaka mkono wa kulia dawa ya kopo jekundu, wa kushoto ya kopo jeupe. Dresa mwenyewe hakuambiwa ipi ndiyo dawa hasa. Alinawa kwanza, akafuta vidole vyake kimoja kimoja, kisha akauinua mkono wa mgonjwa penye mwanga wa dirisha kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Aliuliza kwa sauti ya chini, swali lilelile: “Panakuwasha wapi zaidi, mama?”

Wiki ya tano mikono yote miwili ilikuwa laini. Dresa akainusa, akayatazama makopo. Mwamini akajua sasa ataondolewa kwenye majaribio.

“Nisamehe, mwanangu. Nyumbani najipaka mafuta ya nazi, mikono yote. Kuwashwa kulinizidi.”

Dresa hakukasirika. Alichukua rula, akachora taratibu safu ya tatu daftarini, kando ya zile mbili za makopo, akachovya tena kalamu kwenye wino.

“Unayapika mwenyewe? Hebu nieleze, tangu unapokuna nazi.”