Ng'ombe Hawahesabiwi

Selina alitengeneza programu ya simu ya kukumbusha chanjo za mifugo. Swali la kwanza: una ng'ombe wangapi? Wafugaji wa Sepuka wakifika hapo walizima simu, naye akawaita wabishi. Mwishowe akaenda mwenyewe kuchunga na mmoja wao, Mzee Njiku.

Jioni ng'ombe walipoingia zizini, akaanza kuwahesabu kwa kidole. Mzee akakishusha kile kidole.

"Binti, unaita mkosi. Sisi tunatazama rangi. Yule mweupe mwenye baka hayupo."

Wakamkuta korongoni, amekwama, lakini mzima.

Selina alifuta lile swali, akaweka nafasi ya picha ya kila ng'ombe. Jioni nyingine, ng'ombe wakiwa zizini, Mzee Njiku alizipitia picha hizo taratibu, akashusha pumzi.

"Wote wamerudi."